Wauguzi wenzangu, ulizeni ni udaktari gani kabla hamjalipa ada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wauguzi wenzangu wa hapa Moshi na Arusha maana hili jambo linaniuma kweli, watu wanaliwa hela zao mchana kweupe. Siku hizi kila grupu la WhatsApp la manesi halikosi tangazo, soma PhD ya uuguzi (shahada ya juu kabisa, ya udaktari) mtandaoni, miezi 9 tu, masta sio lazima, hakuna tisisi, yaani lile andiko refu la utafiti la kumalizia, unalipa kidogokidogo kwa simu. Dada mmoja tunafanya naye kazi alinionyesha tukiwa shifti ya usiku, ada ya kuanzia kashatuma, na alipouliza msimamizi wake atakuwa nani akaambiwa atampata akimaliza ada. Jamani, PhD ambayo msimamizi anakuja baada ya hela kuisha ni PhD gani hiyo?

Wengi wanaingia mkenge kwa sababu hawajui kwamba shahada ya udaktari wa uuguzi iko ya namna mbili. Kuna PhD yenyewe, hii ni ya utafiti, unakuwa na digrii ya uuguzi, una masta, una leseni hai, alafu unaandika andiko la utafiti, unapata wasimamizi, unaomba kibali cha maadili kabla hujamgusa mgonjwa hata mmoja, unakusanya data, unaandika tisisi na unaitetea mbele ya watahini ambao hawakuonei huruma. Ni miaka 3 ukijitahidi, na kwa anayesoma huku anaingia zamu mara nyingi inazidi hapo. Alafu kuna ile ya Marekani inaitwa DNP (Doctor of Nursing Practice), hii ni ya vitendo. Mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya huko ulikubaliana kwamba ndiyo iwe ngazi ya wauguzi wa kazi za juu, wale wanaompima mgonjwa na kumwandikia dawa. Hiyo kweli haina tisisi kama ya PhD, ina mradi wa kuboresha huduma, ila inadai saa zisizopungua 1,000 za vitendo chini ya usimamizi baada ya digrii ya kwanza, na vyuo vingi vinataka uwe na leseni ya hukohuko. Sasa hao wa miezi 9 wamechukua jina la PhD, wakachukua lile la kutokuwa na tisisi kutoka DNP, na zile saa 1,000 wakaziacha njiani. Utazifanyia wapi, hapa Majengo mtaani? Nani atasaini?

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, nenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ukaulize kama hicho chuo kinatambulika na kama hiyo shahada itatambuliwa ukirudi nayo. Chuo cha kweli hakikasiriki ukiuliza.

Na mimi sisemi haya kuwakatisha tamaa, la hasha, nataka tusome sana. Kuna maswali ambayo daktari wa wodini hawezi kuyaona kama tunavyoyaona sisi. Chukua vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mgonjwa akilala upande mmoja muda mrefu. Mgonjwa wa kiharusi anatakiwa kugeuzwa karibu kila masaa 2, wodi imejaa, nesi uko peke yako usiku, unamgeuza wa kitanda cha kwanza ukifika wa mwisho wa kwanza muda wake umepita zamani. Lakini yule ambaye dada yake katoka Rombo kaja kumuuguza, ukimwelekeza vizuri namna ya kuweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, unakuta ngozi iko nzima wiki nzima. Je tukiwafundisha ndugu kwa utaratibu maalum vidonda vitapungua kwa kiasi gani, na nani awafundishe, na saa ngapi? Hilo ni swali la PhD kabisa, na majibu yake yanatakiwa yaandikwe na muuguzi ambaye kashainama kwenye vile vitanda.

Kinachotukwamisha wengi sio akili wala vyeti, ni muda. Mtu kachaguliwa chuo, barua anayo, anaambiwa asubiri hakuna wa kushika nafasi yake, mwaka unapita nafasi inapotea, ndipo anaangukia mikononi mwa hawa wa kwenye simu. Waganga wafawidhi na makatibu wa afya, nawaomba pangeni mapema nani anaenda kusoma mwaka gani na zamu zake zitashikwa na nani, na hiyo orodha ibandikwe ubaoni kila mtu aione. Na Baraza la Uuguzi na Ukunga wakija huku kwetu kutukagua leseni, watuelezee na haya mambo ya vyuo, nusu saa inatosha.

Muuguzi, Moshi