Tunaopunguzwa kazi tukatwe kodi kwa kipimo cha mwaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kwa miaka 14 nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja hapa Morogoro. Mwishoni mwa Machi tulipunguzwa, mimi nikiwemo. Sina ugomvi na hilo; tuliitwa, tukaelezwa, na chama cha wafanyakazi kilikuwepo. Ugomvi wangu uko kwenye slipu ya mwisho.

Mshahara wangu ulikuwa 520,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilikata 52,000 na PAYE, yaani kodi ya mshahara, 15,840, kila mwezi, namba ninazozijua kama namba yangu ya simu. Machi, mstari wa PAYE ulisomeka 700,400. Nilidhani namba yangu ya utumishi imeingia pasipo pake.

Nikarudi kwa mhasibu. Kijana mstaarabu, alinieleza taratibu: mshahara wa Machi, notisi ya mwezi mmoja, likizo ya siku 28 niliyokuwa sijaichukua na kiinua mgongo cha 1,400,000 vimelipwa pamoja, basi vimehesabiwa kuwa mapato ya mwezi mmoja. Na kinachozidi milioni moja kwa mwezi kinakatwa asilimia 30. "Mama, mwezi huu na wewe ni bosi," akacheka. Mimi sikucheka.

(Kiinua mgongo chenyewe ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, na sheria ya ajira inamlazimisha mwajiri kwa miaka kumi tu. Ile minne yangu imekwenda na maji.)

Sikatai kulipa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inayahesabu malipo ya kupunguzwa kazi kuwa mapato ya ajira. Lakini sheria hiyohiyo viwango vyake ni vya mwaka: mapato yasiyozidi 3,240,000 hayakatwi kitu, na yanayofuata hadi 6,240,000 yanakatwa asilimia 8. Jioni ile mwanangu alishika simu tukapiga hesabu. Mishahara yangu ya miezi mitatu, baada ya kutoa NSSF, pamoja na mafao yote ni 3,844,000. Kodi yake kwa mwaka ni 48,320. Januari na Februari nilishakatwa 31,680. Kwa hiyo Machi nilikuwa nadaiwa 16,640. Tulirudia mara tatu, jibu likawa lilelile. Na tangu Aprili sijashika mshahara wa mtu yeyote.

Naiomba TRA, mamlaka ya mapato, iwaelekeze waajiri kwamba mtu anayeondoka kazini apigiwe hesabu ya mwaka kwanza, ndipo akatwe. Na sisi tuliokwisha kukatwa tuambiwe slipu tuzipeleke dirisha lipi. Yangu ipo, nimeikunja ndani ya bahasha moja na cheti cha utumishi. Fundi niliyemwita kuja kupima kenchi za paa bado ananipigia simu, na mimi bado namwambia wiki ijayo.

Mtunza stoo wa zamani,
Kihonda, Morogoro