Bamba gumu si lazima lizuie risasi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu alumini inayokorogwa kwa msuguano ili izuie risasi imeieleza vizuri mbinu yenyewe. Ilipokosea ni pale iliposema kuwa uso wa bamba ukishaongezeka ugumu, basi kinga imepatikana. Ugumu unaosomwa katikati ya njia ya chombo cha kukorogea huficha mengi.

Mbinu hii ilitokana na uchomeleaji wa kukoroga kwa msuguano uliobuniwa TWI, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji ya Uingereza, mwaka 1991. Chombo chenye bega pana na pini fupi huzungushwa, huzamishwa ndani ya bamba, kisha husukumwa mbele kikiwa kimeinama nyuzi 2 au 3. Alumini haiyeyuki, hulainika na kukorogeka, na punje zake, yaani fuwele ndogo zinazoiunda metali, za makumi ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) husagika hadi mikroni chache. Anayetaka ugumu zaidi huchimba mfereji mwembamba, huujaza unga wa boroni kabidi, kauri ngumu sana, huuziba kwa kupitisha chombo kisicho na pini, ndipo hukoroga.

Chombo kikikimbizwa huku kikizunguka polepole, joto halitoshi, metali haiwahi kuziba nafasi iliyoachwa na pini, na ndani hubaki tundu refu kama handaki. Juu huoni kitu. Kikizamishwa mno, metali hufurika pembeni mwa bega na bamba hukonda. Unga nao, ukikorogwa mara moja tu, huacha mabonge, na ufa huanzia kwenye bonge. Heri kurudia mara mbili au tatu.

Kubwa zaidi ni aina ya alumini. Aloi za 6061-T6 na 7075-T6 hupata nguvu kwa kupashwa joto kwa vipimo, na joto la msuguano huivuruga kazi hiyo. Milimita chache kutoka katikati hubaki ukanda laini, na risasi haichagui pa kutua. Kulipasha upya bamba zima kwa nyuzi 530 hivi za Selsiasi, kama ifanywavyo kwa 6061, nako kuna hatari yake: punje zilizosagwa zinaweza kuvimba ghafla, faida yote ikapotea. Aloi ya 5083 isiyokazwa kwa kugandamizwa baridi haina tatizo hilo, kwa kuwa nguvu yake haitokani na tanuri.

Kipimo cha kweli ni V50, yaani kasi ambayo nusu ya risasi hutarajiwa kupenya. Katika utaratibu wa MIL-STD-662F, kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima kinga, karatasi ya alumini ya nusu milimita husimamishwa sentimita 15 nyuma ya bamba. Mwanga ukipita kwenye karatasi hiyo, bamba limepenywa, hata kama kilichoitoboa ni kibanzi kilichobanduka mgongoni mwa bamba lenyewe. Ngozi ngumu isiyonyumbulika hutoa vibanzi vingi, ndiyo maana ni busara kukoroga milimita 3 au 4 za mbele na kuuacha mgongo na unyumbufu wake.

Mkiandika tena, tunaomba mtaje V50 ya bamba lililokorogwa na ya lisilokorogwa, yote mawili yakiwa na uzito sawa kwa kila mita ya mraba.

Wasomaji wenu,
Wahandisi wa metali