Kosa la filamu ya Trap haliko mwishoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu mhakiki wenu aliyeandika kwamba mwongozaji wa filamu M. Night Shyamalan ameishiwa, kwa kuwa Trap, filamu yake iliyotoka Agosti 2024, haina ile siri ya dakika za mwisho ambayo watazamaji wameizoea kwake. Kwamba filamu hiyo inakatisha tamaa, hilo sina ubishi nalo. Ninachobisha ni sababu. Kama siri ya mwisho ingekuwa ndiyo roho ya kazi yake, basi baadhi ya filamu zake zilizozomewa sana, ambazo siri za namna hiyo zimejaa tele, zingekuwa miongoni mwa zile bora.

Turudi kwenye The Sixth Sense, iliyomjengea jina. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 6 Agosti 1999, siku ambayo Shyamalan alitimiza miaka 29. Iligharimu takriban dola milioni 40, ikaingiza zaidi ya dola milioni 670 duniani kote, na ikateuliwa kuwania tuzo sita za Oscar, ingawa haikupata hata moja. Wengi wanakumbuka kwamba mwishoni tunagundua kuwa mwanasaikolojia anayeigizwa na Bruce Willis alikwisha kufa zamani (robo karne imepita, sidhani kama nimemharibia mtu uhondo). Wanachokisahau ni uangalifu uliotangulia ugunduzi huo. Chukueni tukio la mgahawani. Mume anafika amechelewa kwenye chakula cha kuadhimisha siku yao ya ndoa, anaketi, anajitetea kwa maneno mengi, na mkewe hamwangalii wala hamjibu. Bili inapoletwa, mke anaiwahi, anaitia saini, anatamka kwa sauti ya chini salamu ya maadhimisho hayo, kisha anaondoka. Mtazamaji wa mara ya kwanza anaona ndoa iliyopoa. Wa mara ya pili anaona mjane aliyekuja kula peke yake. Tukio ni lile lile na hakuna kilichoongezwa, kwa sababu mwongozaji alijiwekea kanuni kwamba, tangu alipopigwa risasi, mtu huyu hajibiwi na yeyote ila mtoto mmoja awezaye kuwaona wafu, na kanuni hiyo akaitii hata pale ambapo kuikiuka kungemrahisishia kazi.

Ukiisoma historia yake yote kwa jicho hilo, kupanda na kushuka kwake hakubaki kuwa fumbo. Katika Signs ya mwaka 2002, dunia nzima inavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali, lakini sisi tunabaki na familia moja katika nyumba moja ya shambani, tukijua kile tu wanachokijua wao kupitia televisheni, sauti za paani na vivuli vya mahindini. (Udhaifu wa wavamizi wale kwa maji ni jambo ambalo sitajaribu kulitetea.) Miaka minne baadaye akaja na Lady in the Water, ambamo masharti ya hadithi yanaongezwa kila mtunzi anapokwama: mama wa mpangaji mmoja anasimulia kipande cha ngano, filamu inasonga, kikihitajika kipande kingine naye anakikumbuka. Humo pia Shyamalan alijipa nafasi ya mwandishi ambaye maandishi yake yatakuja kuubadilisha ulimwengu, na mhakiki wa filamu akamtupia mnyama amrarue. Nadhani wahakiki hawajamsamehe hadi leo. The Last Airbender ya 2010, iliyopewa dola milioni 150, na After Earth ya 2013, ambayo matangazo yake yalilificha jina lake, zilikuwa kazi za ukubwa usiomfaa, na sina mengi ya kusema juu yake.

Aliporudi mwaka 2015 na The Visit, kwa bajeti ya dola milioni tano alizozitoa mwenyewe, wengi walisema kilichomwokoa ni udogo wa fedha. Mimi naona kilichomwokoa ni kujifunga upya. Watoto wawili wako nyumbani kwa babu na bibi, nasi tunaona tu kile ambacho kamera zao zinakiona. Split, iliyofuata, iliwafungia wasichana watatu chini ya ardhi, na kwa muda mrefu ikatufungia pamoja nao.

Sasa tuitazame Trap, iliyoanza na wazo ambalo mwongozaji yeyote wa filamu za taharuki angelionea wivu. Cooper, zimamoto wa Philadelphia, anampeleka binti yake kwenye tamasha la mwanamuziki maarufu; ukumbi mzima umezingirwa na polisi waliopata habari kuwa muuaji aitwaye Mchinjaji atakuwemo, na Mchinjaji huyo ni baba huyu huyu. Shyamalan amekiri kuvutiwa na operesheni ya kweli ya mwaka 1985, ambapo maafisa wa Marekani waliwaalika wahalifu waliokuwa wakisakwa kwenda kupokea tiketi za mechi jijini Washington, wakawakamata 101 kwa mpigo.

Kanuni ya hadithi ni nyepesi kueleweka: kila mlango unalindwa na kila mwanamume atahojiwa. Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza tunashtuka kidogo tu, lakini tukijua limo na wenye meza hawajui, tunahangaika kwa kila neno wanalolisema. Hapa tunalijua bomu tangu mapema. Kisha mwuza fulana, ambaye Cooper ndiyo kwanza amekutana naye, anamweleza mpango wote wa polisi kana kwamba wanapiga soga za mpira. Kadi ya mwuza fulana huyo ya kufungulia milango Cooper anaiiba bila jasho. Na mjomba wa mwimbaji, anayeigizwa na Shyamalan mwenyewe, anaamini papo hapo uongo kuhusu ugonjwa wa binti, akamfikisha Cooper hadi nyuma ya jukwaa. Josh Hartnett anaigiza vizuri mno, hasa tabasamu lake la kibaba linapochelewa kufika machoni, lakini kila kinachomnusuru kinatokana na ukarimu wa mwandishi. Nyimbo za Saleka, binti wa mwongozaji anayeigiza mwimbaji huyo, zimepewa muda kuliko hofu. Na hatimaye filamu inatoka nje ya ukumbi. Tangu hapo hatujui tena mipaka iko wapi, na muuaji anaponyoka mara kwa mara kwa namna ambazo hata kamera haijali kutuonyesha.

Jambo moja ninamwomba mhakiki wenu alipime upya. Katika sehemu ya mwisho tunaambiwa kuwa ni Rachel, mke wa Cooper anayeigizwa na Alison Pill, aliyemshuku mumewe na kukiacha kipande cha risiti ya tiketi mahali ambapo polisi wangekiokota. Kumbe mtego haukuwa wa polisi. Ulitegwa na mtu anayelala kitanda kimoja na muuaji, ndani ya nyumba yenye milango michache na mashahidi wawili watoto. Hiyo ndiyo hadithi ambayo Shyamalan wa 1999 angeiandika kuanzia ukurasa wa kwanza. Huyu wa sasa ameipa mazungumzo ya dakika chache mezani, kisha akarudi haraka kumtafutia Cooper njia ya kufungua pingu.

Msomaji wenu