Maskoti wa kikapu naye ni mfanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya maoni ya wasomaji nijibu habari iliyotoka katika ukurasa wenu wa michezo, iliyowacheka Wamarekani kwa sababu maskoti (mtu anayevaa vazi la mnyama kuwachangamsha mashabiki) wa Denver Nuggets, timu ya ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, yule simba wa milimani aitwaye Rocky, anaripotiwa kulipwa dola 625,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kimetajwa kweli na vyombo vya habari vya huko, na ni kikubwa hata kwa viwango vyao, kwani maskoti wengi wa ligi hiyo hawaukaribii mshahara huo. Ninachopinga ni kuiandika kazi hiyo kana kwamba ni mzaha wa mtu aliyekosa shughuli.

Mchezo wa NBA una robo nne za dakika 12, yaani dakika 48 za mpira, lakini aliyekata tiketi hukaa ukumbini zaidi ya saa mbili. Kila timu ina nafasi saba za kuomba mapumziko, kuna mapumziko marefu katikati ya mchezo, kuna faulo na marudio ya video ambayo waamuzi huyatazama bila haraka yoyote. Na katika muda wote huo ambao mpira haudundwi, anayetegemewa kuushika ukumbi mzima ni maskoti. Rocky amejulikana kwa kusimama katikati ya uwanja, akaligeuzia goli mgongo na kuurusha mpira juu ya kichwa chake hadi ukatumbukia wavuni, jambo ambalo mchezaji anayelipwa mamilioni hathubutu kulijaribu mbele ya watu. Anayafanya hayo akiwa ndani ya manyoya mazito na kichwa bandia kinachomnyima kuona pembeni. Haruhusiwi kusema neno wala kukivua kichwa hicho hadharani, kwa hiyo furaha, hasira na kejeli zake zote hana budi kuzipitisha mabegani na mikononi. Timu hucheza nyumbani mara 41 kwa msimu wa kawaida, na katikati ya michezo hiyo yeye hutumwa shuleni, hospitalini kwa watoto wagonjwa na kwenye sherehe za wafadhili.

Wengi wetu tulianza kukesha kwa ajili ya ligi hiyo mwaka 2009, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, na nakiri kwamba nilimfahamu Grizz, dubu wa timu hiyo, kabla sijayajua majina ya nusu ya wachezaji wenzake. Kazi yenyewe ilikuwa na umri mrefu tayari. Benny, fahali wa Chicago Bulls, alianza mwaka 1969. Gorila wa Phoenix Suns alipatikana kwa bahati mwaka 1980: kijana Henry Rojas, aliyeajiriwa kupeleka salamu za kuimba akiwa amevaa kama gorila, alifika ukumbini kufikisha ujumbe, akaombwa acheze kidogo kabla ya kuondoka, na umati ukamkubali kiasi kwamba timu ikamchukua. Waliomfuata katika vazi hilo waliongeza trampolini, kile kitambaa cha kurukia kinachomtupa mtu juu, na wakawa wakipita ndani ya duara la moto kwenda kutumbukiza mpira golini.

Desturi ya kumficha aliyemo ndani haipaswi kutushangaza sisi. Wamakonde wa Mtwara wana mapiko, ngoma ya vinyago ambapo mchezaji hufunikwa mwili mzima na haulizwi jina lake. Tatizo ni kwamba, huko Marekani, usiri huo unaoupa mchezo utamu humfanya mtu aumie mbele ya maelfu bila kutambuliwa kuwa ameumia. Novemba 2013, katika mchezo wa kwanza wa nyumbani wa msimu, Rocky aliteremshwa kwa kamba kutoka darini akiwa amelegea, mikono na miguu ikining'inia, akafika sakafuni na kuanguka kama gunia, huku watu wakidhani ni sehemu ya onyesho. Baadaye ikaelezwa kuwa alikuwa amebanwa pumzi. Juni 2023, katika fainali zilizochezwa Miami, mpiganaji Conor McGregor alimpiga ngumi Burnie, maskoti wa Miami Heat, katika igizo la kutangaza dawa ya maumivu, kisha akamwongeza nyingine akiwa chini. Aliyekuwa ndani ya vazi alipelekwa hospitali, akatibiwa na kuruhusiwa. Nilivyoona mimi, habari nyingi za tukio hilo zilimhusu McGregor, na picha yake ikasambazwa kama kichekesho.

Sidai kwamba dola 625,000 ni malipo ya haki. Huenda ni nyingi mno kwa mmoja na chache mno kwa wenzake, na hapo ndipo mwandishi wenu angepata habari ya kutosha kama angeuliza. Ombi langu kwa meza ya michezo ni kwamba siku nyingine maskoti akianguka au akipigwa, mtueleze ameumia wapi, nani anayegharamia matibabu yake na lini atarudi kazini, kama mnavyofanya kila mchezaji anapotoka uwanjani akichechemea.

Msomaji wako,
Kijitonyama, Dar es Salaam