Shukrani kwa kaka muuza simit pale Sultanahmet, Istanbul

Kaka yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Tulikuwa tisa: mama mwenye miaka 78, sisi wanawe na wajukuu. Kiongozi wa msafara alituendesha mbio kutoka Hagia Sophia kwenda ule msikiti wenye minara sita, mama akabaki nyuma, goti limekaza. Nilipogeuka na kuona hayupo, nguvu ziliniisha.

Nikamkuta kwenye kigoda chako, kando ya mkokoteni wa simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Mkononi ana kibilauri cha chai, mabegani koti lako. Na mnaongea! Yeye anasema "habari", wewe kwa Kituruki "haber"; yeye "kitabu", wewe "kitap"; yeye "dunia", wewe "dünya", halafu mnacheka wote wawili. Wateja wako wamesimama wanangoja.

Hela ulikataa katakata. Ukatutafutia teksi, ukamwonyesha dereva kadi ya hoteli, ukamshika mama mkono mpaka akakaa vizuri.

Huku Dar, mama kila akimaliza kusali anakutaja: "na yule mwanangu wa Istanbul." Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.