Vitanda Vipo, Mikono Haitoshi: Wito wa Harambee kwa Washarika Wote

Wapendwa washarika, ndugu na marafiki,

Tunawasalimu katika jina la Bwana. Tunawaalika katika harambee itakayofanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mara baada ya ibada ya pili, kwa ajili ya kuwasomesha watu 16 kozi ya uuguzi msaidizi, ili wakahudumu katika makao ya wanajeshi wastaafu yanayoendeshwa na jimbo letu hapa Marekani. Wengi mtauliza papo hapo kwa nini usharika wa wahamiaji, ambao juzi tu umemaliza kuchangia paa la kanisa, uingie katika jambo la serikali. Swali hilo ni la haki, na tunaanza nalo.

Makao haya ni mali ya jimbo, na jimbo ndilo linaloajiri, linalosimamia na linalowajibika. Serikali ya taifa imekuwa ikiongeza mkono wake tangu mwaka 1888, pale Bunge la Marekani lilipokubali kuyalipa majimbo dola 100 kwa mwaka kwa kila askari mstaafu waliyemtunza. Siku hizi Idara ya Maveterani (yaani wanajeshi wastaafu) ya serikali hiyo hulipa kiasi fulani kwa kila siku ambayo mkazi anayestahili amelala pale, na kwa yule ambaye ulemavu alioupata kutokana na utumishi wa jeshi umekadiriwa kuwa asilimia 70 au zaidi, malipo hayo hukusudiwa kufidia gharama yote ya uuguzi wake. Jimbo likitaka kujenga au kupanua, idara hiyo inaweza kutoa hadi asilimia 65 ya gharama, mradi jimbo lenyewe lilete zilizobaki, na majimbo ambayo yameshatenga fungu lao ndiyo yanayotangulizwa katika foleni. Kwa hiyo kuta, mabomba na vitanda vina njia yake ya kulipiwa. Hatuombi hata senti moja kwa ajili ya matofali.

Shida inaanza siku jengo linapokabidhiwa. Kanuni za taifa zinataka kila mkazi wa sehemu ya uuguzi apate si chini ya saa 2.5 za huduma ya wauguzi katika kila saa 24, siku zote saba za juma. Tufanye hesabu ya bawa dogo la vitanda 30: hizo ni saa 75 kwa siku, yaani takribani watu kumi wa zamu ya saa nane, kila siku iendayo kwa Mungu, Krismasi na Pasaka zikiwemo, na hapo hatujamhesabu mgonjwa wala aliye likizo. Hicho ndicho kiwango cha chini, na yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi wake anajua kwamba saa mbili na nusu huisha kabla ya mchana. Makao yasipokuwa na watu hao hayana budi kuacha vitanda vitupu, huku familia zikiendelea kusubiri. Katika makao wanakofanya kazi baadhi ya washarika wetu, upo ukumbi mzima wenye vitanda vilivyotandikwa ambao taa zake haziwashwi.

Upungufu huo unaweza kuleta msiba. Katika makao ya askari ya Holyoke, Massachusetts, mwaka 2020, wakati virusi vya korona vilipokuwa vimeshaingia ndani, kumbi mbili za wazee wenye maradhi ya kusahau ziliunganishwa kuwa moja kwa sababu wafanyakazi hawakutosha kuzihudumia zote mbili. Maveterani wasiopungua 76 walifariki dunia. Tangu hapo mazungumzo kuhusu upanuzi yamejikita sana kwenye chumba cha mtu mmoja mmoja, na ni jambo jema. Lakini kwa maoni yetu chumba cha peke yake kisicho na mtu wa kuitikia kengele ni upweke tu wenye mlango.

Sasa kwa nini sisi? Kwa sababu kazi hii tayari iko mikononi mwetu. Ukiwahesabu kina mama na vijana wanaokuja ibadani Jumapili macho yakiwa mazito, wengi wametoka zamu ya usiku katika makao ya namna hii. Mmoja wao ametuhadithia habari za mzee aliyepigana Vietnam, ambaye kila usiku mnamo saa tisa huamka akitafuta buti zake kwa hofu ya kuachwa na wenzake. Mwanzoni mama huyu alijaribu kumweleza kwamba vita vilikwisha, na mzee akazidi kufadhaika. Siku hizi anapokwenda kumgeuza kitandani, kama anavyomgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, huweka viatu vyake mahali ambapo mkono unafika. Mzee huvipapasa, akahakikisha vipo viwili, akalala. Ujuzi huo hauandikwi katika mkataba wa ujenzi wowote.

Kima cha chini cha mafunzo ya muuguzi msaidizi kwa sheria ya taifa ni saa 75, na majimbo mengi hudai zaidi. Si masomo marefu, ila kwa mtu anayeishi kwa ujira wa wiki hadi wiki, karo pamoja na siku asizofanya kazi ni mlima. Kamati imekadiria dola 1,500 kwa kila mwanafunzi, zikiwa ni karo, ada ya mtihani wa jimbo, sare, viatu na nauli. Kwa watu 16 jumla ni dola 24,000. Mwanafunzi atatia saini ahadi ya kufanya kazi katika makao ya jimbo kwa mwaka mmoja. Akishindwa kwa ugonjwa au msiba hatadaiwa. Akiacha kwa hiari yake, atarudisha nusu, na fedha hizo zitamsomesha mwingine. Nafasi si za washarika peke yao.

Ahadi zitapokelewa kwa bahasha kuanzia Jumapili hii, na anayependa kulipa kidogo kidogo anaweza kutoa kwa miezi sita. Karo italipwa moja kwa moja chuoni, wala haitapitia mkononi mwa mwanafunzi, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya usharika kila mwisho wa mwezi. Wenye zamu siku ya harambee wampe mzee wa kanisa wa mtaa wao bahasha mapema, ili majina yao yasomwe pamoja na ya wengine.

Kamati ya Harambee