Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayehamia Eldoret na watoto watatu

Assalaam aleikum, mdogo wangu.

Mama ameniambia kwamba mmeazimia kuondoka Mombasa usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, gari lenu likifuatana na lori la mizigo, ili watoto walale njia nzima na kesho yake mchana muwe mmeshaingia Eldoret. Najua mpango huo umetokana na huruma, kwani hakuna mzazi anayependa kumsikia mtoto akilia kwenye gari tangu Mazeras hadi Athi River. Hata hivyo, nakuandikia kukuomba, wewe na shemeji, muubadilishe. Ninaandika hadharani kwa sababu si nyinyi peke yenu mnaoufikiria hivyo. Kila shule zinapofungwa, familia kadhaa za hapa kwetu huhamia bara kikazi, na karibu katika kila nyumba hoja ni hiyo hiyo: tuondoke usiku, watoto watalala.

Watoto watalala, ni kweli, lakini dereva naye ana mwili. Shemeji atakuwa ameshinda kutwa nzima akibeba makabati na kufunga kamba, kisha ashike usukani kwa kilomita zipatazo 480 hadi Nairobi na nyingine zaidi ya 300 hadi Eldoret. Usingizi humwelemea mtu zaidi kati ya saa nane za usiku na alfajiri, na kwa hesabu yenu wakati huo ndio atakaokuwa kwenye njia nyembamba, taa za malori zikimpiga machoni, na lori jingine limeharibika mbele yake bila taa wala kibao, limewekewa matawi ya miti tu barabarani. Tarehe 31 Desemba 2017, mwendo wa saa tisa za usiku, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, katika barabara hiyo hiyo mtakayopita mkishatoka Nakuru, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Serikali ikasimamisha safari za usiku za mabasi ya abiria papo hapo. Amri hiyo iliondolewa baadaye, lakini miteremko ya pale iko vile vile, na usiku uko vile vile.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba siku ya kupakia na siku ya kusafiri zisiwe moja. Pakieni Ijumaa, lori liende zake, nyinyi mlale kwa Mama, kisha mwondoke Jumamosi kunapopambazuka. Ombi la pili ni kwamba safari iwe ya siku tatu. Shemeji ataona ni muda mwingi, nami namwelewa, kwa kuwa ana tarehe ya kuripoti kazini. Lakini siku hizo mbili za ziada hakuna atakayezikumbuka baada ya mwezi mmoja.

Sasa nikueleze njia yenyewe, kwa kuwa sisi tuliipita tukiteremka kutoka Eldoret kuja huku, na watoto wetu wakati huo walikuwa wa umri huo huo wa wako.

Kutoka Kisauni, vukeni daraja la Nyali kabla mji haujaamka, kwa sababu kuanzia Changamwe hadi Mariakani mtakuwa katikati ya malori ya bandarini, na huko dakika moja ya kuchelewa nyumbani huzaa nyingi njiani. Mkishaipita Mariakani barabara hufunguka. Simameni kila baada ya saa mbili, hata kama watoto wametulia, na mahali pa kwanza ninapokushauri ni Mackinnon Road, kwenye ule msikiti ulio kando ya reli. Pana kivuli, maji na choo, na mtapata nafasi ya kunyoosha miguu. Watoto wasimulie habari za Sayyid Baghali aliyezikwa pale, ambaye husemwa kwamba wakati wa ujenzi wa reli karai la mawe lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Wangu waliuliza maswali ya kisa hicho mpaka tukalala.

Ukishatoka Voi, barabara inakata kati ya hifadhi mbili, Tsavo Mashariki kuliani kwenu na Tsavo Magharibi kushotoni. Hapo hakuna kushuka kwenda kujisaidia vichakani, hata mtoto akisihi vipi; kuna simba, na kuna ndovu, wale wekundu kwa udongo wa Tsavo, ambao mkibahatika mtawaona kutoka garini. Ndiyo maana ninasema mkobani mwako pasikosekane poti ndogo, maji ya kunawia na kanga mbili za zamani. Kanga moja ni ya kufuta, na ya pili utaibana dirishani. Asubuhi jua litawapiga upande wa kulia na nyuma. Baada ya adhuhuri litahamia kushoto na mbele. Ukijua hilo mapema, utajua kitinda mimba wako akae upande gani na kanga ihamishwe saa ngapi.

Na hapa nikuombe jambo ambalo tusiwekeane haya. Usimpakate mtoto. Najua sote tumelelewa kwenye magari tukiwa tumepakatwa, na najua atalia atakapofungwa mikanda. Lakini gari likisimama kwa ghafla kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia. Mtoto wa miezi minane anahitaji kiti chake, kinachotazama nyuma, kifungwe kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mbele kuna mfuko wa hewa, na ukifumuka unaweza kumuua. Kiti ninacho, cha wangu, nitawapa. Huyu wa miaka minne na kifungua mimba wa miaka saba wakalie vikalio vya kuwanyanyua, ili mkanda upite juu ya mfupa wa bega na chini kwenye nyonga, usipite shingoni wala tumboni. Vitu vizito kama pasi na sufuria visiwekwe kwenye ubao wa nyuma ya vichwa vyao.

Huyu wa kati najua anavyotapika, hata tukienda Malindi tu. Macho yake yakiwa kwenye simu, yanamwambia ametulia, ilhali sikio la ndani linahisi gari likienda, na mgongano huo ndio unaomchafua roho. Basi simu asipewe. Akae katikati aone mbele, na ale kidogo kidogo vitu vikavu. Mahamri matupu yanafaa, na ndizi. Mbaazi za nazi, pamoja na mapenzi yetu yote, ziacheni nyumbani, kwa sababu chakula cha nazi huchacha upesi kwenye joto la Voi. Beba pia pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mtoto anayetapika, na maji mengi, na popote mtakaposimama, hata kwa dakika mbili, mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa vioo.

Usiku wa kwanza laleni Makindu. Mtakuwa mmekwenda kilomita zaidi ya 300, na hiyo inatosha. Pale pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na tangu zamani wasafiri wa dini zote hupokewa, hupewa chakula na mahali pa kulala bila kudaiwa, ingawa ni vizuri kuacha mchango wa hiari. Mtavua viatu na kufunika vichwa, jambo ambalo halitakuwa geni kwenu, na chakula chao ni cha dengu, mboga na chapati bila nyama yoyote, kwa hiyo hamtakuwa na wasiwasi wa halali. Nimekuona ukihesabu fedha za gesti na kukata tamaa; basi hesabu upya. Sisi tulipofika pale, binti yangu alikuwa amekamata kikombe chake cha bati tangu Eldoret, amekataa katakata kisipakiwe kwenye lori. Mzee mmoja mwenye kilemba alikitazama, akamjazia chai ya maziwa bila kumnyang'anya, akasubiri mpaka akanywa yote. Binti yangu alilala usiku ule bila kuuliza nyumbani ni wapi.

Siku ya pili ni nyepesi: hadi Nairobi kwa shangazi, mapema, kabla ya foleni ya Mlolongo haijakaza. Sina mengi ya kuisemea.

Siku ya tatu ndiyo ya milima. Nyinyi mnatoka usawa wa bahari. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu yake, Eldoret zaidi ya 2,000, na Timboroa mtapita juu zaidi ya mita 2,700. Masikio ya watoto yataziba, hasa mtakapokuwa mkiteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha. Wakubwa watafune kitu, na mdogo mpe maziwa uliyokamua kwa chupa bila kumtoa kitini, kwani kule kumeza ndiko kunakozibua. Masweta na soksi zisiende na lori. Wanao hawajawahi kuhisi baridi ya Timboroa, na mtoto wa pwani akishikwa na baridi akiwa amevaa fulana tu, safari yote atailaumu. Kati ya Mau Summit na Timboroa mtavuka ikweta. Simameni kidogo, mwambie kifungua mimba kwamba mguu mmoja uko kusini na wa pili kaskazini.

Kuhusu afya kuna mawili ambayo watu wengi hawayawazi. Kijitabu cha kliniki cha mdogo kikae mkobani mwako pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kwa maana chanjo ya surua ya miezi 9 itamkuta Eldoret, na huko hawamjui. La pili: Eldoret haina malaria kama huku, lakini vimelea vya mbu wa Mombasa huweza kukaa mwilini na kuibuka baada ya wiki kadhaa. Mtoto akipata homa mwezi wa kwanza huko, usikubali kuambiwa ni mafua ya baridi tu. Sema wazi kwamba mmetoka pwani, na udai apimwe damu.

Lori nalo nilitajie kwa ufupi. Letu lilichelewa, mwenye lori hakupokea simu, na tulilala sakafuni. Kwa sababu hiyo magodoro mawili, blanketi, sufuria moja, jiko na neti vipakiwe mwisho kabisa, mlangoni, ili vishuke kwanza, na nguo za siku nne ziwe kwenye gari lenu. Mtungi wa gesi usiingie kabisa kwenye gari lenye watoto. Ningependa hata usiende na lori. Uuze hapa, ununue mwingine huko.

Nimeliacha hadi sasa jambo linalonikaa moyoni kuliko yote. Mama anasema watoto wameambiwa wanakwenda kutembea, watarudi. Tafadhali, wambieni kweli. Huyu wa miaka saba ameshaona makabati yakifunguliwa misumari. Anajua, ila hajui kama anaruhusiwa kuuliza. Mwache akamuage ustadhi wake wa chuoni na wenzake wa mtaani, mpelekeni ufukweni mara moja jioni bila haraka, na kila mmoja apewe begi lake dogo achague mwenyewe cha kutia. Mtoto anayejua anakokwenda huuliza tu lini tutafika, na swali hilo lina jibu. Aliyedanganywa ataendelea kuuliza lini tutarudi hata baada ya kuzoea shule mpya, nawe hutakuwa na la kumwambia.

Kama shemeji hatakubali kulala njiani hata mara moja, basi mwache aende na gari mchana na dereva wa kumpokea, na wewe upande treni ya SGR na watoto kutoka Miritini hadi Nairobi. Kwa treni ya moja kwa moja ni mwendo wa saa tano hivi, wanaweza kusimama na kutembea behewani, mdogo halipi, na Tsavo wataiona vizuri zaidi kuliko kutoka garini. Mtakutana kwa shangazi. Ningependa msafiri pamoja, lakini kati ya kutengana kwa siku moja na kuwa pamoja barabarani saa tisa za usiku, mimi nimeshachagua.

Zungumza naye leo, kwa sababu mwenye lori anataka jibu la saa ya kupakia kabla ya Alhamisi. Kesho baada ya Alasiri nitakuja na kiti cha mtoto tukijaribu kwenye gari lenu, kwani mikanda yake ni migumu kidogo mpaka uizoee, na ninataka shemeji awepo aone kinavyofungwa.

Dada yako,
Mombasa